Kwa Sababu

Kwa miaka 18, mbali na kutibu wagonjwa, nilikuwa na kazi ya pili: kuwaandaa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari, katika chuo kimoja cha Marekani, kuomba nafasi za mafunzo ya ubingwa. Nilisoma barua zao za kujieleza, nikawafanyia usaili wa majaribio, nikawaambia tai ipi wavae na swali lipi wasiulize. Kazi hiyo ilinipa furaha nyingi, na ilinipa pia swali moja ambalo hadi leo halijaniacha. Mpaka kati ya kumsaidia mtu ajieleze na kumtungia nafsi uko wapi?

Nilipoanza nilidhani jibu ni jepesi. Usiseme uongo, basi. Jambo ambalo halikutokea usiseme lilitokea. Utafiti ambao hukuushiriki usijitie miongoni mwa walioufanya. Baadaye niligundua kuwa mtu aweza kuuchunga mpaka huo kwa uaminifu, kila tukio likawa la kweli na kila tarehe ikawa sahihi, na bado barua yake ikawa si ya kweli. Uongo wa namna hiyo haukai katika matukio. Hukaa katika yale maneno mawili madogo yanayounga tukio hili na lile: kwa sababu.

Kwa msomaji asiyeujua utaratibu wa kule, yafaa nieleze kidogo. Mwanafunzi akimaliza miaka minne ya chuo cha udaktari hupewa shahada, lakini ili awe bingwa humpasa akae hospitalini miaka mitatu hadi saba akijifunza kazi chini ya wakubwa. Maombi hupelekwa Septemba. Usaili huendelea hadi Januari. Kisha mwombaji huandika orodha ya hospitali kwa jinsi anavyozipenda, nazo hospitali huandika orodha za waombaji, na kompyuta huzioanisha. Mwezi Machi, siku ya Jumatatu, mwanafunzi huambiwa kama amepata au amekosa. Ijumaa yake huambiwa ni wapi. Mwaka 2024 nafasi zote zilikuwa 41,503, na waliojiandikisha 50,413. Katika tiba ya familia au magonjwa ya ndani nafasi ni nyingi. Katika upasuaji wa mifupa zilikuwa kama 900 tu kwa nchi nzima, na wanaozitaka ni vijana waliozoea kuwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi.

Zamani mchujo ulifanywa na namba. Sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni ilitolewa kwa alama, na kijana aliyezikosa alijua mapema kwamba mlango fulani umefungwa. Januari 2022 alama hizo zilifutwa, ikabaki kufaulu au kufeli. Nia ilikuwa njema, maana wanafunzi walikuwa wakijizika katika mtihani mmoja. Lakini uzito haukutoweka, ulihama. Ulihamia sehemu ya pili ya mtihani, ambayo bado ina alama. Ukahamia utafiti, hata taarifa ya mwaka 2022 ikaonyesha kuwa waliopata nafasi za upasuaji wa ubongo walikuwa wameorodhesha kwa wastani zaidi ya kazi 20 kila mmoja. (Walimu walionifundisha mimi wengine walistaafu bila kufika hapo, nao walijua kazi.) Uzito mwingine ukahamia katika barua za walimu, ambako sifa zimepanda bei mpaka neno “mzuri” limekuwa tusi. Ukimwandika mwanafunzi kuwa ni mzuri, umemwangusha. Na uliobaki ukahamia katika hadithi ya mwombaji mwenyewe.

Kwa nini wewe? Kwa nini kazi hii? Hayo ndiyo maswali, na nilipokutana nayo mara ya kwanza yalinishangaza. Sisi tuliomaliza kidato cha sita Tanzania miaka ya themanini hatukusema “nimechagua udaktari.” Tulisema “nimechaguliwa.” Mtu alijaza fomu, akasubiri, kisha akaambiwa amechaguliwa kwenda Muhimbili, na mjomba wake akachinja mbuzi. Nilipofika Marekani mwaka 1993 kuomba mafunzo ya magonjwa ya ndani, msaili wangu wa kwanza aliniuliza kwa nini niliamua kuwa daktari. Nikamjibu ukweli: nilifaulu biolojia na kemia. Alisubiri niendelee. Nami nilikuwa nimemaliza. Hospitali ile sikuipata.

Nilijifunza, nami nikawa mwalimu wa hayo niliyojifunza. Nasema haya ili msomaji asidhani nilikuwa mtu asiyejua gharama ya kunyamaza. Tena mwaka 2016 nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti mwenye kichwa kizuri kuliko wote wa darasa lake, aliyeomba magonjwa ya ngozi kwa barua kavu kama risiti. Nilimwona ni mnyofu, nikaiacha barua ilivyo. Jumatatu ile ya Machi aliambiwa amekosa. Alinipigia simu akiwa ndani ya gari, katika maegesho ya hospitali, akanieleza kwamba hawezi kushuka kwa kuwa wenzake wangemwona. Tangu siku hiyo sikuiacha tena barua ya mtu ilivyo.

Kijana ninayetaka kumweleza alikuja ofisini kwangu Agosti 2023. Nilimfahamu tangu mwaka wake wa kwanza, kwani siku moja alinisikia kwenye korido nikizungumza Kiswahili katika simu, akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Wazazi wake ni watu wa Fizi, Kongo, waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 vita vilipowafikia. Yeye alizaliwa mwaka 1998 katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akafika Marekani akiwa kijana wa shule. Aliniita Mzee, nami nikamwita mwanangu, na mambo ya ofisini tukiyamaliza kwa Kiingereza tulikuwa tukiongea ya nyumbani kwa lugha yetu.

Alitaka mifupa. Barua yake ilikuwa ya fundi. Alisema anapenda kazi hii kwa vile kitu kilichovunjika unakiona kwenye picha, unakirudisha mahali pake, unakikaza, na kesho yake mgonjwa anasimama. Alisema tangu utotoni alipenda kufungua vitu na kuvifunga tena. Baada ya hapo akaorodhesha alichofanya. Kila neno lilikuwa lake.

“Nzuri,” nilimwambia, “lakini haitoshi. Kila mmoja wao anapenda kukaza skrubu. Kwa nini wewe?”

“Si nimeshasema, Mzee?”

Nikamchimba. Hiyo ndiyo kazi ya mshauri, kuchimba. Mwishowe alinieleza habari ya mkono wa mama yake. Usiku wa kuvuka, akiwa na mtoto mgongoni, mama aliteleza kwenye mawe akikimbilia mtumbwi, mkono wa kushoto ukavunjika karibu na kiwiko. Kambini mzee mmoja aliyejua kuunga mifupa alimfunga banzi za mianzi. Mkono ukaunga kwa kupinda, na mpaka leo haunyooki. Mama mwenyewe hajawahi kuisimulia habari hiyo. Wageni wakiuliza, husema alizaliwa hivyo. Kijana aliipata kwa mama yake mdogo.

Nilihisi alichohisi mchimba dhahabu jembe lilipogonga. “Hapo ndipo barua yako ilipo,” nilimwambia.

“Hapana, Mzee. Huo ni mkono wa mama.” Akafikiri kidogo, kisha akaongeza: “Na tena siyo sababu. Hata angekuwa na mkono mzima, mifupa ningeipenda vilevile.”

Hapo alikuwa ametoa hoja mbili, na zote mbili, sasa naona, zilikuwa sahihi. Ya kwanza ni ya mali: hadithi ile ina mwenyewe. Ya pili ni ya ukweli: tukio lipo na uamuzi upo, lakini la kwanza halikuzaa la pili. Fomu ya mwaka ule ilikuwa imeongezewa hata mahali pa hiari pa kueleza magumu ambayo mwombaji amepitia. Napo alikuwa amepaacha wazi.

Nilimjibu kwa hoja ambayo hadi leo siwezi kuipuuza. Nilimwambia: unashindana na vijana ambao baba zao ni mabingwa, waliokaa mezani na wakuu wa idara tangu wakiwa watoto, wanaoweza kuchukua mwaka mzima wa kufanya utafiti bila mshahara, wanaolipa washauri wa kukodi wawasomee barua hizihizi. Hao hawahitaji hadithi. Jina la ukoo linatosha. Wewe ulikuwa na baba anayefanya kazi ya usiku na mama anayesafisha. Mtaji ulio nao ni huo mmoja. Ukiukataa kwa heshima, heshima yako itampa nafasi mtoto wa mwingine, na wagonjwa wanaozungumza lugha yako wataendelea kutibiwa kwa ishara.

Je, nilikosea? Mtu akisema kuwa mshauri asiingize mkono kabisa, kila mmoja ajieleze kwa nguvu zake, amewapa ushindi wale ambao nyumbani kwao mshauri anakula nao chakula cha jioni. Kunyamaza kwangu mwaka 2016 hakukuwa usafi wa moyo. Kulikuwa uvivu uliovaa kanzu. Kwa hiyo kuandaa ni haki. Lakini mlango unaofunguliwa kwa haki hiyo una bei yake, na tazama ni nani anayeilipa. Mtoto wa bingwa huulizwa anapenda nini. Mtoto wa mkimbizi huulizwa aliumia wapi. Kamati haina nia mbaya, naijua, nimekaa humo. Mioyo yao huguswa kwa kweli. Hata hivyo wa kwanza ameruhusiwa kuipenda kazi kwa sababu ya kazi yenyewe, na wa pili hakuruhusiwa. Kwake yeye kupenda hakutoshi. Lazima pawe na jeraha nyuma yake.

Aliandika. Alirudi baada ya wiki moja na barua iliyoanza hivi: “Mkono wa kushoto wa mama yangu haunyooki.” Sentensi hiyo ni yake na nakiri ni nzuri kuliko yoyote ambayo ningeweza kuitunga. Lakini katika aya ya pili hadithi ya mkono iliishia hewani, na habari ya kufungua na kufunga vitu ikaanza peke yake, kana kwamba barua imeandikwa na watu wawili. Nikachukua kalamu. Nikaandika pale katikati: kwa sababu ya mkono huo, nilichagua mifupa. Aliitazama sentensi kwa muda, akasema, “Inasomeka vizuri.” Hakusema zaidi.

Aliitwa kwenye usaili mara 15, wingi ambao kwa mifupa ni wa kujivunia. Kila alikokwenda waliuliza habari za mkono. Hakuna aliyeuliza habari za kufungua vitu. Mwezi Januari, tukinywa chai, aliniambia neno ambalo lilipaswa kuniamsha: “Mzee, nimelisema mara nyingi mpaka sasa hata mimi naamini.” Tulicheka.

Kwa miezi kadhaa nilijitetea kwa hoja ya werevu. Nilijiambia kuwa hakuna mtu anayejua kwa hakika chanzo cha anachokipenda. Yamkini mkono ule ulifanya kazi ndani yake bila yeye kujua, na mimi nilimsaidia tu kuuona. Hoja hiyo ina kasoro moja, kwamba haiwezi kukanushwa. Ningeweza kuitumia kwa mtoto yeyote na jeraha lolote. Tena mwenyewe alikuwa ameshaniambia kinyume, kwa maneno machache, kabla hajawa na faida yoyote ya kusema hivyo au vile. Ushahidi wa namna hiyo daktari akiupata kwa mgonjwa huuandika kwenye faili na kuutii.

Na jambo linalonichekesha, kama ni la kuchekesha, ni kwamba katika mtiririko mzima ipo hatua moja ambapo ukweli haumdhuru mtu, nayo ni ile ya kompyuta. Utaratibu huo ulianza mwaka 1952, kuzima fujo ya hospitali kuwawahi wanafunzi hata miaka miwili kabla hawajamaliza. Mwishoni mwa miaka ya tisini kanuni yake ilitengenezwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson, na mwaka 2012 Roth alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Lloyd Shapley, aliyeasisi hesabu za namna hii. Uzuri wa kanuni ni kwamba mwombaji hana faida ya kufanya hila. Andika unachokipenda kweli, kwa mpangilio unaokipenda kweli, na hutapoteza kitu. Nimewafundisha mamia ya vijana hivyo, na kila mwaka walikuwapo wasioamini. Ningewalaumu vipi? Kwa miezi sita nilikuwa nimewafundisha kinyume chake, halafu Februari ninawaambia: mbele ya mashine, semeni kweli.

Msimu mmoja uliofuata, kabla ya kustaafu, nilifanya kazi kwa namna nyingine. Niliwauliza wanafunzi maswali mawili kabla ya kuigusa barua: hadithi hii ni ya nani, na mwenyewe amekupa? Pale nilipoona maneno “kwa sababu” niliwaambia wayafunike kwa kidole wasome tena. Wengine barua zao zilibaki imara. Wengine zilivunjika, na walibaki na barua ya fundi, kavu, na sitaki kudanganya: nadhani mmoja wao ilimgharimu usaili.

Yaliyonifikisha hapo yalitokea Ijumaa, tarehe 15 Machi 2024. Chuo chetu huwakusanya wanafunzi na jamaa zao ukumbini, na saa sita kamili mchana kila mmoja hufungua bahasha yake. Kijana wangu alikuwa amepata nafasi palepale kwetu, katika hospitali aliyoiweka ya kwanza. Baba yake alilia wazi. Mama yake alikuwa amevaa kitenge kipya chenye mikono mirefu, na alipiga kigelegele kilichowageuza watu wote. Ndipo mkuu wa mafunzo ya mifupa, mtu muungwana, akaja kumpongeza. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Alimtazama mkono kwanza, kisha uso. Akasema kwamba ni heshima kukutana naye, na kwamba mkono wake umewapatia daktari.

Kijana alitafsiri: “Anasema karibu.”

Lakini mama alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka kadhaa, na Kiingereza cha kulijua neno mkono alikuwa nacho. Aliuvuta mkono wa nguo ukafunika vidole. Baadaye, watu wakiwa kwenye keki, alinijia peke yake.

“Daktari, ni weye ulimwambia aandike?”

“Ni mimi, mama.”

“Unisomee.”

Barua nilikuwa nayo katika simu. Tulikaa viti vya nyuma kabisa, nikamsomea nikitafsiri sentensi moja moja. Alisikiliza akitazama mbele. Ya mtumbwi alinyamaza. Ya banzi alinyamaza. Nilipofika kwenye sentensi yangu aliinua mkono wake mzima kunizuia.

“Hapo si kweli. Huyu alifungua redio ya baba yake kule Nyarugusu hajafika miaka saba. Akapigwa. Kesho yake akaifungua tena. Mifupa anaipenda vile alipenda redio. Mkono wangu hauna kazi hapo.” Kisha, kwa sauti ya chini: “Na ile ya kuanguka, nani alimwambia?”

Nikamwambia ni mdogo wake. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeweka jambo kando ili alishughulikie akifika nyumbani.

“Hiyo barua, watu wangapi waliisoma?”

Nilianza kuhesabu moyoni. Aliomba katika hospitali 68. Kila hospitali ina mkuu wake wa mafunzo, ina kamati, ina makarani, ina vijana wa mwaka wa juu wanaosaidia kusoma. Nilifika mahali nikaacha kuhesabu.

“Wengi, mama,” nilisema.

Alitazama upande wa pili wa ukumbi, ambako mwanawe alikuwa akipigwa picha na wenzake. Akaniomba nimwitie, kwa kuwa chakula alichopika kilikuwa garini na kilikuwa kinapoa.